Difu Inayokata Meno: Maswali Yenu Kuhusu Magari ya Rimoti

Barua nyingi za safari hii zimekuja na kilio kimoja: difu, yaani gia zinazoruhusu tairi mbili za gari kuzunguka kwa kasi tofauti. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu barua nyingine nyingi ambazo hatukuzichapa zinapata jibu lake humohumo.

SWALI: Salaam, mafundi. Nina bagi (gari la kukimbilia kwenye vumbi) ya umeme ya skeli ya 1/8, mota isiyo na brashi, betri ya 4S (seli nne mfululizo). Nikibana triga ghafla, nyuma panalia tra-ta-ta, gari linasitasita ndipo linaondoka. Nilifungua nikakuta krauni (gia kubwa ya difu) imekatika meno, nikafunga mpya. Haikudumu, sauti ileile imerudi. Rafiki yangu ananishauri ninunue krauni ya chuma kigumu zaidi. Nimsikilize?

JIBU: Usinunue kwanza, ndugu. Sauti hiyo ni ya meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) yanayopanda juu ya meno ya krauni na kudondokea upande wa pili. Meno yaliyoshikana mpaka shinani hayapandiani. Kuna kitu kinayaachanisha, na usipokipata, krauni ngumu itakubadilishia tu mahali pa hasara: itakayokatika safari hii ni pinioni.

Krauni na pinioni zimekatwa mshazari, kwa hiyo nguvu ya mota haiishii kuzungusha tu. Sehemu yake huisukuma krauni pembeni, mbali na pinioni, na kuirudisha pinioni nyuma. Vinavyozuia msukumo huo ni beringi mbili za difu, shimu (ringi nyembamba za kujazia nafasi) zilizo nje ya beringi hizo, na hausingi, yaani kasha la nje linalozibana zote. Kimojawapo kikilegea hata robo ya milimita, meno yanabaki yakigusana nchani, na ncha ya jino ni nyembamba. Ukibana triga, ncha zinamegeka.

Anza na kipimo cha mkono kabla hujafungua skrubu hata moja. Toa betri, nyanyua gari, shika propela shafti ya nyuma (mhimili unaopeleka nguvu ya mota kwenye difu) isizunguke, kisha zungusha tairi moja la nyuma polepole. Tairi la pili linatakiwa lizunguke kinyume, kwa kasi ileile. Likifanya hivyo kwa ulaini, gia ndogo za ndani ya difu ni nzima. Ukisikia mkwaruzo, au ukahisi linanasa na kuachia, shida iko ndani ya kikopo cha difu, kile kinachobeba gia hizo. Likizunguka upande uleule wa tairi la kwanza, au likatulia tu, krauni na pinioni hazishikani tena, ama skrubu inayoshikilia kikombe (kiungo cha propela shafti) kwenye shafti ya pinioni imelegea. Hiyo ya mwisho iangalie mapema. Ni kazi ya dakika moja, na watu wameshavunja gari zima kwa ajili yake.

Ukishatoa difu, zipange shimu kwenye karatasi kwa mpangilio uliozikuta, ukiandika ipi ilikuwa upande wa krauni na ipi upande wa pili. Kisha futa grisi kwenye krauni, ipeleke kwenye mwanga mkali, usome meno. Hapa ndipo kesi inapoamuliwa. Meno yaliyong'aa na kuviringika nchani, yote kwa usawa, yanasema krauni ilikuwa mbali na pinioni. Mng'ao ulioshuka hadi shinani, pamoja na mfereji mdogo chini ya jino, unasema zilibanana mno. Meno mawili au matatu yaliyokatika mahali pamoja, huku mengine yakiwa mazima kabisa, ni pigo la ghafla, mara nyingi gari kutua kutoka angani triga ikiwa bado imebanwa. Na meno yaliyolika upande mmoja tu wa urefu wake yanaonyesha kwamba pinioni haikuingia kina chake, au hausingi inajipinda ikipata mzigo.

Kwa maelezo yako, ya krauni mpya kukatika upesi bila habari ya kuruka, tunakisia utakuta ncha zilizoviringika. Kwa hiyo endelea na beringi. Bagi nyingi za 1/8 hutumia za milimita 8×16×5 (tundu, kipenyo cha nje, unene) kwenye difu, lakini ipime yako kwanza. Shika ukingo wa nje, utikise wa ndani kwa kidole. Ikicheza pembeni, au ikakwaruza kama ina mchanga, itoe zote mbili. Kubakiza moja ya zamani ni kuuacha mlango wazi. Halafu angalia tundu beringi inapokaa: iingie kwa kusukumwa na kidole gumba na isizunguke ndani ya tundu. Kama plastiki imeshalika na tundu limekuwa na umbo la yai, hakuna shimu itakayokuokoa. Badilisha hausingi. Ukiwa huna, utepe mwembamba wa alumini kuzunguka beringi unaweza kukuvusha kwa muda, basi.

Sasa shimu. Zinazotumika sana hapa ni za kipenyo cha ndani 13 na cha nje 16, unene wa milimita 0.1 na 0.2. Zinakaa kati ya ukingo wa nje wa beringi na hausingi, ndiyo maana tundu lake ni pana: haitakiwi iguse ukingo wa ndani unaozunguka. Fanya kazi hii bila grisi, ili vidole vihisi chuma chenyewe. Funga difu bila shimu upande wa krauni, funga hausingi kwa skrubu zote, kisha zungusha pinioni kwa vidole. Skrubu zote, hata kama ni majaribio tu. Hausingi iliyofungwa nusu inakudanganya. Ongeza 0.1 upande ulio nyuma ya krauni, funga tena, zungusha tena. Kama pinioni ina meno 10 na krauni 43, zungusha pinioni mara tano ili kila jino la krauni lipite, kwa sababu krauni chache sana huwa zimenyooka kikamilifu na kuna sehemu itabana kabla ya nyingine. Ipime kwa sehemu hiyo inayobana. Ukihisi tu kwamba imeanza kuwa nzito hapo, toa shimu moja ya 0.1. Umefika. Unatakiwa ubakiwe na mchezo mdogo sana ukiitingisha pinioni huku na huku, wa kuhisiwa kuliko kuonekana. Nafasi iliyobaki upande wa pili wa difu ijaze kwa shimu vilevile, ukiacha kama 0.1 ili beringi zisikandamizwe.

Usiisahau pinioni. Ivute na kuisukuma kwa mhimili wake: ikitembea, inahitaji shimu kati ya kichwa chake na beringi, za saizi ya shafti yake. Gia zenye meno ya kupinda ndizo zinazohitaji sana hili, kwa sababu huivuta pinioni ndani ukienda mbele na kuitupa nje ukifunga breki, au kinyume chake, kutegemea zilivyokatwa.

Krauni na pinioni zinunuliwe pamoja. Pinioni iliyozoea krauni iliyolika inaitafuna mpya. Skrubu za krauni zikaze kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, na uzipake tone la gundi ya skrubu ikiwa zinaingia kwenye chuma. Zikiingia kwenye plastiki usipake, kwa sababu gundi hiyo hupasua aina nyingi za plastiki na utakuja kukuta kikopo kina nyufa. Mwisho, paka grisi ya kunata kwenye meno yenyewe, utando tu. Kuijaza hausingi grisi hakulindi chochote. Gia huitupa ukutani na yote inaishia huko.

Betri ya kwanza endesha kwa nusu triga. Kisha fungua uangalie alama: mng'ao uwe katikati ya jino. Ukiwa hapo ndipo swali lako la chuma kigumu linapopata maana. Gia zilizochongwa kutoka kwenye chuma na kuimarishwa kwa moto ni imara kuliko zile za unga wa chuma ulioshindiliwa, na kwa 4S tungezichagua. Lakini zitadumu kwa sababu ya shimu ulizopanga. Pia punguza ukali wa kuondoka kwenye kidhibiti mwendo kama kina mpangilio huo. Na gari likiwa angani, achia triga kabla halijagusa ardhi: tairi zinazozunguka kwa kasi zikisimamishwa ghafla na ardhi, nguvu yote inarudi kwenye meno mawili au matatu yaliyokuwa yameshikana kwa wakati huo.

SWALI: Difu yangu ya mbele inavuja mafuta ya silikoni kila baada ya wiki chache. Oringi (ringi ya mpira ya kuzuia mafuta) nimebadilisha. Yanayotoka yana rangi ya kijivu. Je, ni kawaida? Na niweke mafuta ya ngapi?

JIBU: Rangi ya kijivu kwenye difu mpya si ya kukutia hofu, ni vumbi la chuma la gia zinazozoeana, na inatakiwa ipungue baada ya kubadilisha mafuta mara ya kwanza. Chovya sumaku. Ikitoka na tope laini, endelea. Ikitoka na vipande vinavyometameta unavyoweza kuvihesabu, gia ndogo zinamegeka, na vipande hivyo vitakata hata oringi mpya.

Kuhusu kuvuja, sababu tunayoikuta mara nyingi kuliko zote ni kujaza kupita kiasi. Mafuta yakipata moto hutanuka, na kama hayana pa kutanukia yatapita kwenye oringi hata iwe mpya kiasi gani. Simamisha kikopo, mimina polepole hadi yafunike pini ya msalaba inayobeba gia ndogo, ukibakiza milimita 1 hadi 2 chini ya ukingo. Zungusha gia kwa mkono ili hewa iliyonaswa chini ipande, acha kikopo kitulie robo saa, kisha ongeza kilichopungua. Ukiwa na mizani ndogo ya gramu, pima kikopo kabla na baada, uandike. Ukifungua tena utaweka kiasi kilekile, na difu mbili zenye mafuta ya aina moja zitafanya kazi sawa.

Kama kiwango kilikuwa sahihi, angalia shafti ya kikombe mahali oringi inapokaa. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mfereji, shafti imelika, na oringi haiwezi kuziba mfereji. Kisha angalia tundu la kikopo cha plastiki: likipanuka, shafti inayumba na kuifungua oringi upande mmoja kila gari linapokata kona. Gasketi ya kati ya kikopo na krauni ni ya kutumika mara moja. Ukifungua, weka mpya, na hakikisha hakuna unywele wala punje ya mchanga juu yake. Kuna jambo moja dogo ambalo wengi hulikosa: oringi isisafishwe kwa spirei ya kusafishia mota. Huivimbisha, na ikikauka hurudi ikiwa imepoteza umbo. Ifute kwa kitambaa, ipake grisi inayofaa mpira, uiingize kwa kuizungusha na si kwa kuisukuma.

Kuhusu unene, mafuta ya difu hupimwa kwa cSt (sentistoksi) na huhesabiwa kwa maelfu, tofauti na mafuta ya shokabu ambayo ni ya mamia. Kwa bagi ya 1/8 anza na 5000 mbele, 5000 katikati, 3000 nyuma. Ukiongeza unene mbele, gari linatoka kwenye kona likivuta kwa nguvu, ila linaingia kwa ubishi kidogo. Ukipunguza unene wa mafuta ya difu ya katikati, tairi za mbele zinazunguka bure ukibana triga, kwa kuwa nguvu hukimbilia upande mwepesi. Nyuma pakiwa pazito mno, mkia unateleza. Badilisha difu moja tu kwa wakati, vinginevyo hutajua ni ipi iliyoleta tofauti.

SWALI: Gari langu ni la 1/10, la magurudumu mawili ya kuendesha, lenye difu ya gololi (inayotumia gololi badala ya gia ndogo). Nikiondoka kwa nguvu linatoa sauti kali kama filimbi. Nimekaza skrubu ya difu mpaka mwisho na bado. Nifanyeje?

JIBU: Legeza hiyo skrubu leo hii. Sauti hiyo ni ya gololi zinazoteleza juu ya ringi zao badala ya kubingirika, na kukaza hadi mwisho huacha alama za gololi kwenye ringi. Ikishatokea hivyo difu haiwezi kuwa laini tena.

Ifungue juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu gololi kubwa za difu ni za inchi 3/32, yaani kama milimita 2.4, na zile za beringi ya kukandamiza (inayobeba mkandamizo wa skrubu ya difu) ni ndogo zaidi. Safisha kila kitu kwa spirei isiyoacha mafuta. Angalia ringi mbili zenye umbo la D: zikiwa na mfereji, zigeuze upande ambao haujatumika. Kama pande zote zimetumika, weka msasa wa namba 600 juu ya kioo na usugue ringi kwa mwendo wa nane hadi uso wote ufifie sawasawa. Mikwaruzo hiyo midogo ndiyo inayosaidia gololi kushika. Gololi zilizopoteza mng'ao zibadilishe zote. Mpya zikichanganywa na za zamani hutofautiana kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na zile kubwa zinabeba mzigo wote peke yake.

Grisi hapa ni mbili, na ukizichanganya umeharibu kazi. Gololi kubwa za difu zinataka grisi ya silikoni isiyo na rangi, kidogo tu, kwa sababu zinatakiwa zishike huku zikibingirika. Beringi ya kukandamiza inataka grisi nyeusi yenye molibdeni, kwa sababu yenyewe inatakiwa iteleze. Grisi nyeusi ikifika kwenye gololi kubwa, difu itateleza hata uikaze vipi.

Unganisha, kaza hadi springi iwe imebanwa kidogo tu, kisha funga kwenye gari. Shika tairi moja la nyuma, mwache msaidizi atoe triga ndogo kabisa kwa nusu dakika, halafu badilisha upande. Triga ndogo, tunasisitiza. Tairi la upande wa pili linazunguka maradufu, na likitoka hulidaki. Baada ya hapo kaza kwa thumni ya mzunguko kila mara ukipima hivi: zuia gia kubwa ya mota isizunguke, shika tairi moja, jaribu kuzungusha la pili kwa nguvu. Likisogea kirahisi, ongeza thumni nyingine. Likigoma, acha hapo.

Halafu geukia klachi ya kuteleza. Hiyo ndiyo inayotakiwa iachie kwanza gari likiondoka au likitua. Ikikazwa kuliko difu, difu ndiyo inageuka kuwa klachi, na ndipo filimbi yako inapozaliwa. Shika tairi zote mbili za nyuma na uzungushe gia kubwa kwa mkono: kinachotakiwa kuteleza ni klachi, si difu. Ikiwa kinyume, legeza nati ya klachi robo mzunguko, upime upya.

SWALI: Nataka kuifunga difu ya nyuma kabisa kwa gundi ili tairi zote mbili zivute sawa. Kuna madhara?

JIBU: Inategemea unaendesha wapi. Kwenye mawe, kwa mwendo wa kupanda taratibu, difu iliyofungwa ni msaada mkubwa, kwa kuwa tairi lililo hewani haliibi nguvu ya lililo chini. Kwenye lami au ardhi ngumu kwa kasi ni balaa: tairi la nje ya kona lina njia ndefu kuliko la ndani, na tofauti hiyo isipopita kwenye difu itapita kwenye tairi zinazoburuzwa na shafti zinazojipinda.

Ukiamua kufunga, tafuta ekseli ngumu iliyotengenezwa kwa gari lako. Gundi ya epoksi haitoki tena, na difu hiyo umeiaga. Sisi tungekushauri ujaribu kwanza mafuta mazito, 100,000 cSt au hata 500,000. Yanakaribia kufunga, lakini yanaruhusu kidogo kwenye kona, na ukibadili mawazo unayafuta tu. Yanaingia polepole sana kwenye kikopo. Yawekee muda wa saa nzima yatulie kabla ya kufunga kifuniko.

SWALI: Skrubu moja ya kikopo cha difu imelika kichwa, bisibisi inazunguka bure. Naogopa kuvunja kikopo. Inatokaje?

JIBU: Mara nyingi ni gundi ya skrubu iliyoishika. Gusisha ncha ya chuma cha kulehemu kilichopata moto kwenye kichwa cha skrubu kwa sekunde 10 hadi 15, gundi italainika, kisha jaribu kwa bisibisi ya pembe sita iliyo mpya, yenye ncha isiyoviringika. Kama kikopo ni cha plastiki, punguza ziwe sekunde 5 na urudie, usije ukayeyusha nyuzi. Ikigoma, toa skrubu nyingine tatu, gonga taratibu bisibisi ya nyota iliyo kubwa kidogo kuliko tundu hadi ijikite, kisha zungusha huku ukikandamiza. Njia ya mwisho ni kukata mfereji kwenye kichwa kwa diski ndogo na kutumia bisibisi bapa. Funika gia kwa plasta kwanza, kwa sababu vumbi la diski likiingia kwenye beringi huliondoi.